Wahojiwa Kumi na Wawili wa Kitanga

Mwanangu Spesioza,

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kuchemsha maji, wala za kumwamkia Bi Zuhura kila asubuhi kabla hujafungua ghala lake. Mama yako ameyamaliza hayo tangu juzi, na mengine ameyarudia mpaka ukamwambia, "Mama, nakwenda Kibondo, siendi Ulaya." Sasa hivi umekwenda Titye kumuaga shangazi yako, na utarudi jua likikaribia kuzama. Nina saa hizi chache za alasiri. Steshenari nimeifunga, na leo ni siku ya soko, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kompyuta imenizoesha vibaya: nikianza uongo humo, naunyoosha mpaka unapendeza.

Kesho unakwenda kupima maharage kwenye ghala la mtu. Mwaka jana wakati kama huu ulikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, umebakiza tasnifu tu upate shahada yako ya Kiswahili. Chuo kikakurudisha nyumbani kwa kosa la kuiba maandishi ya mtu mwingine. Uliapa mbele ya jopo kwamba hukuiba, hawakukusadiki. Hukuiba, ni kweli. Maneno yale niliyauza mimi, mwanangu, ulipokuwa darasa la sita, na uliponiuliza nilisema sijui.

Basi, nimelisema. Nilidhani likitoka nitapumua vizuri, lakini wapi.

Ngoja nianze na ujinga wangu mdogo, ule wa kuchekesha, ili nipate nguvu ya kufika kwenye mkubwa. Unajua nilimaliza darasa la saba sikuchaguliwa. Padri akanifundisha kupiga chapa kwa taipureta pale parokiani, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kidogo kuliko cha wenzangu, sisi tuliokuwa tunalala Kiha na kuamka Kiha. Kompyuta zilipofika Kasulu, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka moja pale sokoni. Wanafunzi wa vyuo wakaanza kuja kuchapa ripoti zao za mafunzo kwa vitendo. Wengi walikuja bila ripoti yoyote, wana jina tu na namba ya usajili.

"Mzee Melki, si unazo za mwaka jana? Nitolee moja, badilisha jina."

Nilikuwa nazo. Nilikuwa nazo zote, nimezipanga kwenye mafolda kwa kozi na kwa mwaka. Na kwenye kompyuta kuna amri moja ya kutafuta neno popote lilipo katika maandishi na kuweka lingine mahali pake. Mji mzima nilidhani naijua peke yangu. Kuna kijana wa uuguzi alifanya mafunzo yake hapa Kasulu, mimi nikamtolea ripoti ya mwenzake wa Kibondo, nikaiambia mashine kila penye Kibondo iweke Kasulu. Ikatii. Ripoti ikatoka inasema kwamba mtafiti alitoka Kasulu kwenda Kasulu kwa basi, akalala njiani kwa sababu ya matope. Msimamizi wake akaisaini na kumsifu kwa uvumilivu wake.

Tulicheka wiki nzima. Lakini nilichojifunza siku ile kilinipoteza: kwamba hakuna anayesoma. Nikaamini kuwa maandishi yakishapigwa muhuri yanalala kwenye rafu kama maiti na hayatamsumbua mtu tena.

Kisha akaja Mwalimu. Jina lake nitalitaja kwenye karatasi nyingine. Humu nitamwita hivyo tu. Alikuwa mwalimu wa sekondari anayesoma shahada ya pili, kijana mstaarabu, viatu visafi. Alitumwa na chuo chake akae wiki mbili Kitanga, awahoji wakulima kumi na wawili juu ya majina ya mbegu za maharage, asili ya kila jina na maana yake. Alikuja kutoa kopi za dodoso. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

"Mzee, barabara ya Kitanga ikoje?"

"Kwa mvua hii? Mwalimu, utaibeba wewe pikipiki, si yenyewe ikubebe."

"Sasa nitafanyaje? Nahitaji watu kumi na wawili."

"Unatafuta majina ya maharage tu? Mama yangu anayajua yote, na mengine kayatunga mwenyewe."

Hapo ndipo pa kunipiga bakora, mwanangu. Ningeweza kusema, "Twende Titye ukamsalimie." Si mbali, angekaribishwa, angepikiwa, angemsikia mama kwa masikio yake na kuandika jina lake. Badala yake nikasema, "Niachie mimi."

Unakumbuka bibi yako alivyokuwa. Alivuka mpaka akiwa msichana, mikono mitupu, hana hata punje moja ya mbegu. Kila harage alilolima Titye alipewa na mtu, na alilipa jina kwa ajili ya huyo mtu au kwa ajili ya siku aliyopewa. Lile jeusi dogo, Mgeni-njoo-kesho, alipewa na jirani mchoyo, na kweli ukilibandika asubuhi mgeni ataondoka na njaa yake. Lile la madoadoa, Usimwambie-mume, alipewa na wifi yake nyuma ya nyumba, wamejificha. Na lile jekundu, Kaa-la-mwisho, alipewa na mjane aliyekuja kuomba moto. Mama hakuwahi kushika mbegu mkononi bila kumtaja aliyempa. Hata shambani, mgongo umepinda, utamsikia, "Huyu ni wa Rosalia. Huyu ni wa yule aliyekufa na mtoto tumboni." Tulikuwa tunamcheka. Kaka zangu walisema mama analima makaburi.

Nilikwenda Jumapili tatu mfululizo na daftari. Alifurahi mno. Alidhani mwanawe amekuja kumsikiliza. Alisema kwa Kiha, mimi nikaandika, na usiku nikageuza kwa Kiswahili, na sikugeuza vibaya. Nilitafuta neno mpaka likakaa. Nilijisikia mtu. Kisha nikafanya kile Mwalimu alichohitaji: nikamkata mama vipande kumi na viwili. Kipande hiki nikampa "mhojiwa wa kwanza, mwanamume, mkulima, Kitanga." Kipande kile nikampa "mhojiwa wa pili, mwanamke, mjane." Nikawapa umri, nikawapa watoto. Mmoja nikampa mguu mbovu, sijui kwa nini, labda nilimwonea huruma. Majina ya waliompa mama mbegu nikayafuta yote, kwa sababu Mwalimu alisema utafiti hautaki umbea. Jina la mama lenyewe halikuwa na pa kukaa.

Alinilipa, ndiyo. Lakini usidhani nilifanya kwa njaa, maana hiyo ingekuwa afadhali. Nilichokitaka nilikiona miezi kadhaa baadaye, aliponiletea nakala moja nione: jalada gumu jeusi, maandishi ya dhahabu mgongoni. Nilifunga mlango wa duka nikaisoma yote nimesimama. Maneno yangu, mimi wa darasa la saba, yako ndani ya jalada la chuo kikuu. Jina la juu lilikuwa la mtu mwingine na haikuniuma hata kidogo. Nilimrudishia nakala yake, nikacheka, na nikarudi kuchapa kadi za harusi.

Daftari la zile Jumapili tatu liliishia wapi? Unajua desturi yetu pale sokoni: karatasi zilizotumika tunawapa akina mama wauza karanga. Mama yangu alifungiwa karanga, mwanangu. Pengine hata wewe ulikula ukitoka shule.

Kuna mtu mmoja alijaribu kunifundisha mapema, na nilimdharau. Mama mmoja Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu alikuja nimwandikie barua ya kueleza yaliyompata kwao. Mimi kama kawaida nikaanza kunyoosha. Akanishika mkono juu ya kibodi.

"Papa, usinitengenezee. Andika vile minasema."

"Mama, hivi unavyosema hawataelewa vizuri. Mimi nakusaidia."

"Bataelewa ao hapana, hii histoire ni yangu miye. Kama iko mbaya, iko yangu."

Nilimkasirikia. Nilikubali kwa mdomo, kisha alipotoka nje kumnyonyesha mtoto nikanyoosha hivyo hivyo. Aliisoma polepole kwa kidole, akaikunja, akalipa, akaniambia, "Asante papa, lakini huyu si miye." Sikumwelewa mpaka mwaka jana.

Sasa turudi kwako. Ulipochagua tasnifu yako juu ya mbegu za bibi, nililikumbuka jalada lile jeusi. Ulikuja likizo ukiwa na furaha, ukakaa Titye wiki nzima. Bibi alikuwa amezeeka, Kiswahili kimemtoka chote, amebaki na Kiha chake. Akakataa simu yako isimrekodi. Alisema sauti ikiingia humo atakosa ya kuzungumza na Mungu. Ukaandika kwa mkono kwa Kiha. Ukarudi dukani kwangu na daftari lako ukasema, "Baba, wewe ndiye fundi. Nisaidie kugeuza kwa Kiswahili kizuri, nisije nikaiharibu sauti ya bibi."

Nilikuwa nabaindi kazi za mteja. Sikuinua hata kichwa. Ukanisomea sentensi ya Kiha nami nikakutamkia ya Kiswahili, moja baada ya nyingine, na wewe ukawa unasema, "Eh, baba! Umeipata wapi hiyo?" Nilikuwa nakupa zilezile. Bibi yako alikuwa akisimulia jambo kwa maneno yaleyale miaka yote, na mimi nilishayageuza mara moja, yakakaa kichwani, yakatoka kama yalivyoingia. Unauliza kama nilijua? Nilijua kidogo. Nilijua kama mtu aliyelala anavyojua kuwa hakufunga mlango wa jikoni, na bado hainuki. Nilijiambia jalada lile jeusi liko kwenye rafu chuo kingine, nani atalinganisha?

Sikujua kwamba maktaba zimeanza kuskani tasnifu zote za zamani na kuziweka kwenye mtandao. Ile amri yangu ya kutafuta, niliyokuwa naitumia kufichia, wataalamu walikuwa wameikuza mpaka inaweza kupita maktaba zote kwa mara moja. Ukawasilisha kazi yako, wakaipitisha kwenye programu yao ya kulinganisha maandishi, ikarudi imepakwa rangi ukurasa kwa ukurasa. Ulinionyesha baadaye. Palipokuwa na maneno ya msimamizi wako, peupe. Palipokuwa na maneno uliyoazima kwenye vitabu ukaweka alama za kunukuu, peupe. Bibi yako ndiye aliyekuwa mwekundu.

Wakakuuliza: mbona wakulima wa Kitanga walisema haya miaka mingi kabla ya bibi yako? Ukasema bibi ndiye mwenyewe. Bibi yuko wapi? Tumemzika wiki mbili zilizopita. Una sauti yake? Alikataa. Una daftari? Ninalo. Daftari, wakasema, mtu anaweza kuliandika jana. Mashine ile haina ubaya, mwanangu, nimeifikiria sana. Inajua nani alifika kwake kwanza, basi. Haina namna ya kujua nani alizaliwa kwanza. Watu wale ndio waliotakiwa kujua tofauti, na mtu mmoja tu duniani angeweza kuwaambia, naye alikuwa Kasulu anatoa kopi za vitambulisho.

Ulinipigia siku mbili kabla ya jopo. Nakumbuka kila neno.

"Baba, shikamoo. Baba, hebu kumbuka vizuri. Kuna mtu yeyote aliwahi kuja kumhoji bibi, zamani?"

"Sijui, mwanangu."

"Hata mmoja? Hata mtu wa kilimo?"

"Sikumbuki."

Kisha ukasema, "Sawa baba, usijali. Msalimie mama." Yaani wewe ndiye uliyenipoza.

Kwa nini? Nimejiuliza kila siku. Nilitazama yale mafolda kwenye kompyuta. Nikisema moja, watauliza mengine. Mle ndani kuna muuguzi aliyemwekea mama yako dripu, kuna mtendaji, kuna walimu wanaofundisha wadogo zako, na wote nimewatolea ripoti. Kuna mimi mwenyewe, mwenyekiti wa jumuiya, ninayesoma masomo Jumapili. Watu husema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilipita arobaini salama, na iliyofuata ikamkamata mtoto wangu. Niliogopa, Spesioza. Hakuna neno la kisomi kwa jambo hili. Niliogopa aibu, nikakuacha wewe uibebe.

Baada ya wewe kufukuzwa nilimtafuta Mwalimu kwa simu. Siku hizi naye anafundisha chuo. Alinikumbuka vizuri.

"Mzee Melki, mimi na wewe tulimalizana," alisema. "Na kazi ile ni yangu. Nimeitetea mbele za watu."

"Maneno ni ya mama yangu."

"Sasa kwa nini mtoto wako hakuyabadilisha kidogo? Wenzake wote wanabadilisha."

Na hilo ndilo linalonikatisha tamaa kabisa, kwa sababu hakusema uongo. Unadhani wanaoiba wamekoma? Wanakuja kwangu mpaka leo. Hawasemi tena "nitolee ya mwaka jana." Wanasema, "Mzee, nishushie rangi." Nakaa nao, penye "mkulima" naweka "mzalishaji," sentensi ya mwanzo naipeleka mwisho, mashine inapita bila kuona kitu. Na wengine hawanihitaji tena hata mimi, simu zao zinawaandikia kila kitu na hakuna mwenye kudai kwamba kaibiwa. Aliyenaswa ni wewe, uliyekaa chini ukaandika alichosema bibi yako bila kubadilisha. Nikitafuta funzo hapa silioni. Nimelitafuta, niamini.

Mara ile niliposema nakwenda Kigoma kuchukua wino wa mashine, sikwenda Kigoma. Nilikwenda chuoni kwako. Nilipokelewa na dada mmoja mpole ofisini, akaniamkia, akanipa kiti na karatasi. Nikaandika ukurasa mzima: kwamba mimi ni mtoto wa yule bibi, kwamba maneno ni yake, nikaweka na mifano. Akauchapa na kuupitisha kwenye programu yao nikiwa nimekaa pale. Ukarudi mwekundu kila penye mfano. Akanigeuzia kioo nione.

"Mzee wangu, maneno haya yako mtandaoni. Mtu yeyote anaweza kuyasoma kisha akaja akasema ni ya mama yake. Wewe uliyajuaje haya ya kwenye tasnifu ya mtu?"

Swali lilikuwa hapo mezani, mwanangu, limenifungulia mlango. Nilitakiwa kusema: kwa sababu niliiandika mimi. Nikasema, "Mama alikuwa akisimulia." Nilitaka kukuokoa wewe bila kujigusa mimi. Akanihurumia, akaniambia hata muda wa rufaa unakaribia kwisha, nikitaka nilete ushahidi mwingine. Nikarudi na basi la usiku, nikanunua wino Kasulu hapahapa, nikauweka mezani mama yako auone.

Na adhabu yangu, kama unataka kuijua, ni hii. Tangu siku ile najaribu kumsikia mama. Nakaa nafumba macho nikimtafuta anasimulia Kaa-la-mwisho, kwa Kiha chake, meno machache, moshi unamwingia machoni. Inakuja sentensi moja tu: "Huiva kwa kaa la mwisho, lile ambalo mwanamke mvivu hulimwagia maji na mjane hulipuliza." Ni nzuri. Uliipenda sana. Lakini sijui tena kama ni yake. Pengine yeye alisema tu "mjane alikuja kuomba moto akanipa mbegu," na mwanamke mvivu nilimwongeza mimi nikitafuta mizani. Mama yangu mzazi namsikia akisema Kiswahili cha tasnifu. Nimewanyoosha watu miaka mingi mpaka nimemnyoosha na yeye, na daftari la kuniambia ukweli limeliwa na karanga. Daftari lako la Kiha ndilo lililobaki duniani kote. Usilipoteze. Na mtu akikuuliza habari za bibi, msimulie kwanza kwa Kiha, hata kama haelewi. Usinipe mimi nizigeuze.

Nimeandika maelezo mengine, kamili safari hii: Mwalimu kwa jina lake, Jumapili tatu, wahojiwa kumi na wawili ambao hawakuwahi kuishi Kitanga wala popote, na mafolda yote. Nimesaini mbele ya mtendaji wa kata, ambaye alisoma mpaka mahali pa ripoti yake mwenyewe, kisha akagonga muhuri. Jumatatu yanakwenda chuoni. Sikuahidi kitu. Muda wa rufaa ulishapita nikiwa nimenyamaza, na waliokufukuza watakuwa na sababu nzuri ya kuniuliza kwa nini waniamini sasa. Wakija kufunga steshenari, waifunge. Mama yako nitamwambia mimi mwenyewe. Ghalani kwa Bi Zuhura utakwenda vilevile, na pengine utakaa huko miaka, na pengine hutasoma tena. Siwezi kukuambia kwamba Mungu ana mpango. Nimewaambia watu wengi hivyo kwenye jumuiya, na sasa naona aibu.

Nilitaka kuificha barua hii ndani ya begi uisome ukiwa Kibondo. Nikaona huo nao ungekuwa ujanja, wa mtu anayetaka kusamehewa kwa mbali. Nitakupa mkononi ukirudi leo, kabla ya chakula. Nitakuwa nimekaa uani. Ukitaka kuja njoo, na ukitaka kupita uingie ndani, pita.

Limebaki moja, na nimelizunguka tangu nianze kuandika. Siku uliporudi kutoka chuo, jumuiya ilikuja nyumbani kusali. Baba yako mdogo Gaspari akasema mbele ya watu, "Lisemwalo lipo." Watu wakainamisha vichwa. Mimi nikasimama, nikapaza sauti, nikasema, "Namwamini mwanangu. Hajaiba." Wanawake wakapiga vigelegele kwa ukali wa baba. Wewe ukaja ukapiga magoti, ukanishika mikono yote miwili, ukalia, ukasema, "Asante baba kwa kuniamini." Tangu siku ile unamwambia kila mtu. Umemwambia shangazi yako, umemwambia Bi Zuhura kwenye simu nikisikia: "Watu wote waliniacha, baba yangu peke yake aliniamini." Na nakujua, mwanangu. Kesho stendi, kabla ya kupanda basi, utanishika mikono tena utake kulisema.

Nakuomba usiliseme. Sikukuamini, Spesioza. Anayeamini ni yule asiyejua, na mimi nilikuwa najua.

Ni mimi, baba yako,
Melkiori